Kuku, Mama Mkwe na Pistoni ya Tatu

Kwa miaka kumi na moja ya ndoa yangu sikuwahi kuuona uso wa mama mkwe wangu, naye hakuwahi kuuona wangu. Si kwamba tuligombana. Mke wangu ni wa Kabambare, na kwao mkwe na mama wa mkewe hawatazamani, hawasemeshani, hawali pamoja. Ukimwona anakuja njiani, unaingia porini. Sisi wa mjini Kasongo tuna haya ya wakwe pia, lakini ya kwetu ina kipimo: mtu anasalimia huku ameinamisha kichwa, yamekwisha. Ya kwao haina breki. Mwaka wa kwanza nilimkuta ghafla karibu na soko la Kabambare, mtu akanipigia kelele kwamba yule ndiye, nami niko juu ya baiskeli, nikaingia na baiskeli yangu katika shamba la mihogo la mtu. Mwenye shamba akatoka na panga. Nilipomweleza kwamba namkimbia mama mkwe, alishusha panga, akanipa pole, akanionyesha njia nzuri ya kutokea upande wa pili.

Haya hiyo hufunguliwa. Mkwe anapeleka mbuzi, na siku ambayo mama mkwe ameichagua mwenyewe wanasimama, wanatazamana, mama anasema neno moja au mawili, na kuanzia hapo mnaishi kama watu. Mimi nilipeleka mbuzi mwaka wa tatu. Mbuzi akapokelewa, akaliwa, haya ikabaki. Mwaka wa sita nikapeleka mwingine, beberu mnene ambaye hata mimi niliona uchungu kumwachia. Naye akaliwa. Niliambiwa nyama ilikuwa laini. Nikamuuliza mke wangu mama yake ana nini na mimi, akajibu, "Mama njo vile iko," yaani ndivyo alivyo. Basi nikaweka kinyongo, tena nasema wazi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na mbuzi wawili si panzi.

Kazi yangu ni kupeleka chumvi na samaki wakavu wa Nyangwe hadi Kabambare, na kurudi na mpunga na karanga. Miaka mingi nilikodi pikipiki za watu. Hatimaye nikapata gari, kuukuu, la milango minne, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Mke wangu aliliita mke mwenza, kwa sababu nililiosha hata siku ambazo halikutoka. Gari hilo likaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa mafuta ya injini kama lina mimba. Fundi wetu, mzee ambaye miwani yake imefungwa kwa waya, alilifungua akasema mwili wa injini ni mzima ila pistoni na pete zake zimechoka. Nikiweka mpya, nitatembea miaka.

Sokoni kuna mfanyabiashara anayeuza vipuri pamoja na sabuni, magodoro na miavuli. Alikuwa ameleta maboksi mapya. Boksi lenyewe lilikuwa zuri kuliko gari langu: linang'aa, lina kibandiko cha fedha, na kila pistoni imevishwa karatasi laini. Nililibeba kifuani hadi kwa fundi, nikipita njia ndefu ili watu wanione.

Fundi alichukua pete moja, akaibana kwa vidole viwili, ikapinda. Akanitazama juu ya miwani.

"Patro, tajiri yangu, hii pete inapinda."

"Inapinda kwa sababu ni mpya," nikamwambia.

"Pete ya kweli haipinde. Ukiilazimisha inavunjika. Hii iko sawa na waya ya kufungia kuni."

"Mimi ninanunua, wewe unafunga," nikasema. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu. Mzee wa watu akafunga.

Ningeweza kujua mapema. Muuza mchele mmoja, mwenye gari dogo la mizigo, alifunga boksi la duka hilohilo, na injini yake ikafa siku ya nane. Lakini sisi wenye magari wa Kasongo, ambao tunajuana wote kwa honi, tuna tabia moja mbaya. Gari la mwenzako likifa, hajui kuendesha. La kwako likifa, ni barabara. Hakuna anayetaja vipuri, kwa sababu kutaja vipuri ni kukiri kwamba uliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa anazika injini yake kimyakimya, na yule wa maboksi anaendelea kuuza. Mimi mwenyewe nilimcheka yule muuza mchele mpaka nikashika mbavu.

Fundi aliponikabidhi ufunguo alinipa sharti la injini mpya, lile tunaloliita rodaji. "Siku kumi, pole pole. Bila muzigo. Na usipande kilima na hasira."

Siku hizohizo zikaja habari kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya Kasongo kwa wiki moja tu. Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Orodha ya wagonjwa ingefungwa Alhamisi saa nane mchana. Baada ya hapo madaktari wangeondoka, na wengine watakuja lini, hakuna aliyejua. Mke wangu alinieleza hayo huku anapanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamuuliza kwa nini mama yake asije kwa pikipiki kama watu wote wa Kabambare. Akasema mama amekataa. Kupanda pikipiki ni kushika kiuno cha kijana, na kijana yeyote ni mkwe wa mtu fulani.

"Gari iko," akasema.

Gari lilikuwepo. Akikosa siku hiyo angebaki gizani, na mimi ningebaki nyumbani na binti yake. Nikasema haya, itakuwa ndiyo rodaji yetu.

Nilifika Kabambare Jumatano na mke wangu, nikalala kwa kaka yake mama mkwe. Jioni ile wazee walikaa kujadili jinsi mkwe na mama mkwe watakavyopanda gari moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilitoa hoja yangu kwa adabu: mama haoni, mimi nitatazama barabara, pazia la kitenge la nini? Kaka mtu akatikisa kichwa. "Haya haiko mu macho." Nikauliza basi iko wapi. Walifikiri kwa muda mrefu sana, na badala ya kunijibu wakaongeza kitenge cha pili. Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, vitenge viwili vilikuwa vimetundikwa kati ya viti vya mbele na vya nyuma, na kile kioo cha katikati kimezungushiwa soksi. Nilipewa amri ya kusimama nyuma ya choo mpaka mama apande. Nilisikia mlango unafungwa, kisha nikasikia kuku. Alikuwa amebeba kuku wa kumpa daktari, kwani mkono mtupu haulambwi.

Jambo moja nililijua siku zote, ila asubuhi ile halikunijia akilini. Marehemu baba mkwe alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Alipofariki, mama mkwe aliiendesha mwenyewe, akaifungua na kuifunga mwenyewe, mpaka macho yalipokataa.

Mke wangu alikaa mbele, pembeni yangu, kama mkalimani. Saa mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mashimo nayajua, madaraja ya magogo nayajua. Nilikuwa nimeanza hata kupiga mluzi, sauti ikatoka nyuma ya vitenge.

"Mwambie mutu wa usukani asimame. Iko kitu inagonga mu moteri."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza kama haujachoka."

"Mwambie sijachoka. Ahsante."

Tukaenda kidogo.

"Mwambie huyo kichwa nguvu, pistoni yake inavimba! Kama hasimame ataua moteri!"

"Mama anasema unaendesha muzuri," mke wangu akasema. "Ila kama unapenda, unaweza kupumzika."

Sasa elewa taabu yangu. Kitenge si ukuta. Nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini kwa desturi yao neno la mama mkwe halijakufikia mpaka uletewe, kwa hiyo nilikuwa nimeitwa kichwa nguvu, yaani mkaidi, na wakati huohuo sijaitwa. Siwezi kujibu, siwezi kununa, naambiwa naendesha vizuri. Tena aliyeniita hivyo ni mtu asiyeona hata boneti, ambaye amekula mbuzi wangu wawili. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Mbele yetu kulikuwa na kilima. Nikakanyaga.

Nilikipanda na hasira. Katikati yake injini ilitoa mlio, halafu mlio mwingine mbaya zaidi, halafu ikakaza, magurudumu yakasota, gari likasimama. Moshi ukatoka kila mahali palipokuwa na tundu. Baada ya hapo palikuwa kimya, isipokuwa kuku.

"Si nilisema," ikasema sauti ya nyuma.

"Mama anasema pole," akasema mke wangu.

Ilikuwa yapata saa tatu. Simu haikushika mtandao. Kijiji tulichokuwa tumekipita hakikuwa mbali sana, mtu akaite vijana wa kusukuma. Lakini nani aende? Nikienda mimi, wanawake wawili wanabaki njiani peke yao na gari linalofuka moshi. Akienda mke wangu, mimi nabaki peke yangu na mama mkwe, jambo ambalo lingewafanya wazee wa Kabambare waanguke kutoka vitini. Mke wangu alikata shauri. "Wewe mbele ya gari, Mama ndani. Musisemeshane." Akajifunga kitenge vizuri, akashuka kilima haraka.

Nikafungua boneti. Kwa kuwa mtu mwenye hasira lazima ashike kitu, nilichukua kitambaa nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha maji ya rejeta.

"Wewe kuku!"

Mkono ukaganda.

"Kuku, usikie muzuri," sauti ikaendelea ndani ya gari. "Kama mutu anafungua maji saa hii, itamuruka mu uso. Ile uso sijaiona, lakini binti yangu ameisha kuizoea."

Nikarudisha mkono. Nilitazama kushoto na kulia, barabara tupu. Nikajikohoza. "Kuku," nikasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ofisi, "mwambie mwenye wewe nimesikia."

Dirisha la nyuma likashuka. Kikatoka kichwa cha kuku, kwa mkono uliomshika vizuri mabawa, na kikageuzwa upande wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mkono wa mama mkwe wangu. Ulikuwa na makovu madogo ya kuungua, kama mkono wa fundi.

"Kuku, muulize pyesi alinunua wapi."

"Kuku, vipuri ni vipya. Boksi lina kibandiko cha fedha."

"Kuku, mwambie kibandiko haiendeshe gari. Pistoni ya chuma mubaya ikipata moto inavimba, inashika. Ikipoa inaachia. Angoje. Aweke mukono juu ya moteri asome Fatiha. Saa akifika amina bila kutoa mukono, njo imepoa."

Nikaweka mkono. Mara ya kwanza sikumaliza hata bismillahi. Nikakaa juu ya jiwe. Mara ya pili nilifika katikati, nikaruka. Kuku alikuwa ananitazama kwa jicho moja, halafu anageuza la pili. Jua lilikuwa linapanda nami nilianza kuogopa kweli, si kwa ajili ya injini. Saa nane ilikuwa saa nane. Nilimwona mama huyu anarudishwa kwao na vitenge vyake viwili, gizani, kwa sababu mkwe wake alipanda kilima na hasira. Niliona aibu ambayo hata shamba la mihogo halingenificha. Mara ya tatu nilifika amina.

Injini ikawaka. Sauti yake ilikuwa mbaya, kama mtu anagonga sufuria na mwiko, lakini iliwaka.

"Sasa kuku," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa imechangamka, "atoe waya wa buji moja moja. Anatoa, ananyamaza, anarudisha. Mimi ninasikia."

Buji ni ile inayotoa cheche. Ziko nne, moja kwa kila pistoni. Nikatoa waya wa kwanza. Mlio ulibaki vilevile. Injini ilitetemeka, lakini ile sufuria iliendelea kugongwa. Wa pili, vilevile. Nikatoa wa tatu. Ile sufuria ikapungua, ikawa mtu anapiga hodi kwa adabu.

"Hapo! Njo ile mugonjwa! Aache waya ile inje, haina kazi tena. Tutaenda na tatu."

"Ndiyo, Mama!" nikasema.

Nilisema moja kwa moja, bila kuku, kwa furaha. Neno likatoka, likabaki pale hewani, wala sikuwa na pa kukimbilia. Nilisimama na waya mkononi nikingoja mbingu zianguke. Halafu nikasikia, pole pole, "Kuku, leo unaitika muzuri."

Mke wangu alirudi na wanaume tisa wa kusukuma na dumu la maji. Alichokiona ni hiki: injini inawaka, mume wake ameinama mbele ya dirisha, anamuuliza kuku, "Na ile ya nne, unaionaje?" Alinimwagia maji kichwani, dumu zima, akidhani ni jua. Wanaume tisa wakarudi nyuma hatua moja. Nilipojaribu kueleza kwamba kuku anajua injini kuliko fundi, wakarudi hatua ya pili. Hata hivyo walikuwa wamekuja kusukuma na hawakukubali kurudi bila kusukuma, kwa hiyo walilisukuma gari lililokuwa linatembea lenyewe mpaka juu ya kilima, wakiimba. Nasema kweli, lilihitaji. Farasi watatu hawapandi kilima cha farasi wanne.

Kutoka pale mama mkwe aliendesha na mimi nilishika usukani. Alikuwa na fimbo yake. Akigonga mgongo wa kiti changu mara moja, napunguza. Mara mbili, nasimama, naweka mkono, nasoma. Mke wangu alijaribu kutafsiri fimbo. "Mama anasema..." Nikamwambia anyamaze, amekuwa mkalimani mbaya siku nzima, anaweka sukari katika kila kitu, na kuku hakuongeza hata neno moja. Alinuna mpaka Kasongo. Nyuma ya vitenge nilisikia mtu anacheka ndani ya nguo.

Tulifika hospitali saa nane kasoro kidogo. Injini ilizima yenyewe mlangoni na haikuwaka tena. Muuguzi alikuwa ameshafunga daftari. Mke wangu alilifungua kwa mkono wake, na mama yake akaandikwa wa mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, kama ilivyonipasa.

Kesho yake fundi alifungua gari. Pistoni ya tatu ilikuwa imekwaruzika mbavu zote, na kichwa chake kimepasuka. Pete zake zilikuwa laini, na zile pistoni nyingine tatu zilikuwa njiani kuelekea hukohuko. Fundi alivua miwani akaifuta, akavaa, akaniangalia, akavua tena akaifuta. Ningependa zaidi anitukane. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimevunja wakuu wawili katika wiki moja. Na bado, sikiliza upumbavu wangu, nilifunga ile pistoni katika gazeti ili watu wasiione. Muuza mchele alipopita akaniuliza kulikoni, nikamjibu, "Barabara."

Siku waliyomfungua mama mkwe bandeji ya jicho la kwanza, nilikaa nje, chini ya dirisha la wodi. Halafu nikamsikia anamwambia binti yake, "Umenenepa." Halafu wote wawili wakalia. Na mimi nililia pale nje, sina sababu ya kuficha, nikijifanya napenga kamasi. Baada ya muda akasema, "Iko wapi ile kitu iliyotulaza mu njia? Ninataka kuiona."

Mke wangu akatoka, akaninyang'anya lile gazeti lenye pistoni, ambalo nilikuwa nimelibana kwapani.

Mchana uleule walikwenda sokoni: mama mkwe mbele na fimbo ambayo hakuihitaji tena, mke wangu na pistoni, na kuku, ambaye daktari alimrudisha kwa heshima zote kwa sababu kwenye ndege hawamkubali. Mimi niliwafuata hatua thelathini nyuma, nikasimama nyuma ya ukuta wa duka, upande wa magodoro. Kila kitu nilikisikia. Mama aliomba boksi jipya lifunguliwe. Aliomba uzi. Akatundika pete kwenye uzi, akaigonga kwa ufunguo. Pete ikasema pu. Nyingine, pu. Watu walianza kukusanyika, na kwa sauti niliwatambua wenye magari wenzangu.

"Pete muzima inalia," mama akasema. "Hii inakohoa."

"Mama," mwenye duka akasema kwa upole, "pyesi ni muzuri. Watu wengine tu hawajue kuendesha."

Pale ukutani nilifumba macho. Ndiyo maneno yetu yaleyale, tuliyokuwa tunaambiana sisi kwa sisi.

"Mukwe wangu anajua kuendesha," mama akasema. "Na hii pistoni ikiwa imekufa alinifikisha. Njo sababu saa hii ninakuona uso. Bila yeye ningekuwa ninasikia tu unavyosema uongo."

Kisha muuza mchele akakohoa. "Na mimi. Siku ya nane." Mwingine akasema, "Yangu sita." Akaja wa tatu, aliyekuwa ameapa kwetu sote kwamba gari lake limepumzishwa tu kwa ajili ya mvua. Walikuwa wengi. Tulikuwa tumefiwa wengi namna hiyo, na hakuna aliyempa mwenzake pole. Mwenye duka alishusha maboksi yake yanayong'aa mwenyewe, moja moja, kabla hajashushiwa. Mama mkwe akamwambia alete yale ya zamani yaliyo nyuma ya sabuni, yenye vumbi. Aligonga pete moja, ikalia ngii, sauti ndefu, na watu wakapiga makofi kama harusini. Akachagua pistoni nne na pete zake, zikabadilishwa hapohapo.

Nikasikia hatua zake zinazunguka duka, zinakuja upande wangu. Nilitafuta pori. Soko la Kasongo halina pori. Nilijaribu kuingia kati ya magodoro mawili, nikaingia nusu. Basi nikageukia ukuta.

"Kuku," sauti ikasema nyuma yangu. "Mwambie ageuke."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, jicho moja bado limefunikwa, na lile jingine, jekundu na lenye machozi, lilinianzia viatuni, likapanda taratibu hadi kofia, likashuka tena.

"Kumbe uko mufupi hivi," akasema.

Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na moja, mengine si mazuri, kuhusu mbuzi.

"Mbuzi zako zilikuwa muzuri," akaendelea, kana kwamba ameyasikia. "Lakini kufungua haya ni kutazamana. Macho yangu ilianza kufa kabla ya mbuzi ya kwanza. Ningekutazama na nini? Sikutaka kukudanganya."

Nilitaka kumwambia anisamehe kinyongo, nilitaka kumwambia kwamba nilisikia "kichwa nguvu" na kwamba ni kweli. Badala yake nikainama mbele ya kuku, ambaye alikuwa bado chini ya kwapa lake.

"Kuku," nikasema, "mwambie Mama ahsante."

"Sema wewe mwenyewe," akasema mama mkwe wangu. "Huyu leo tunamula, mimi na wewe, sahani moja."

Nikamwambia mwenyewe.